Meneja wa Simu Tatu

Tangu simu zote za ofisi ziunganishwe kwenye mfumo mmoja wa ujumbe, masikio ya meneja yalibaki pambo la kichwa. Alipanga simu tatu mezani, akilamba kidole gumba kabla ya kugusa kioo kama anayefunua daftari, na kila aliyeingia alimnyooshea kiganja. “Tuma kwenye mfumo.” Siku karani wake alipomwambia kuwa mama yake mzazi kazidiwa, hivyo anaomba ruhusa, alinyooshewa kiganja kilekile. Dada wa watu akaandika palepale amesimama. Simu ikalia. Meneja akausoma ujumbe taratibu, midomo ikimchezacheza, karani akiwa ameshabeba mkoba. Ndipo alipoinua uso wa huzuni. “Kumbe mama anaumwa,” akasema. “Sasa mbona hukuniambia?”