Mkono wa Fundi Kaburi

Mtaani walimwita Kaburi, kwa sababu neno likiingia kwake halitoki. Miaka ishirini alichomelea masanduku ya chuma ya kufichia akiba, akayafukia mwenyewe: hili chini ya jiko, lile ndani ya ukuta wa choo. Hakuandika popote. Kila sanduku alilijua kwa kichwa.

Ikaja sheria mpya: pesa iliyolala nyumbani iandikishwe, ikatwe kodi. Nani angejipeleka mwenyewe? Maofisa wakaona kupekua mtaa mzima ni kazi bure, heri wamfuate fundi.

Walivunja mlango wa karakana mchana kweupe. Mmoja alimzaba kofi lililomwangusha juu ya mabati, mwenzake akamkanyaga shingo.

"Mzee, tutajie nyumba tu, ukapumzike."

"Mimi nauza masanduku, wanangu. Ya ndani siyajui."

"Wanao wako kwenu!"

Wakauingiza mkono wake wa kulia kwenye jiliwa lake mwenyewe la kubania vyuma, wakazungusha mpini. Kidole cha kwanza kilivunjika kama kuni kavu. Alilia hadi wenye maduka ya jirani wakashusha milango, na watatu kati yao, waoga wakubwa, walikuwa wateja wake. Cha pili kikavunjika. Cha tatu kikapasuka, damu ikamwagika mpaka kwenye viatu vya ofisa, naye akamtukana kwa kumchafua. Kaburi alilifikiria sanduku la dada yake, chini ya sakafu ya chumbani, lenye pesa za kumpasua mpwa wake macho. Mtoto alikuwa anakaribia kupofuka. Akauma meno.

"Vunjeni na vilivyobaki," alisema.

Wakavivunja.

Siku ya nne walimtupa nje ya mahabusu, mkono umevimba na kunuka. Hakwenda hospitali. Alikwenda kwa dada yake, akakuta shimo wazi chumbani.

"Wamelichukua?" alimwuliza dada yake.

"Hapana, kaka. Nililihamisha siku ile ile waliyokukamata. Mtaa mzima tulihamisha."

"Umelipeleka wapi?"

Dada aliutazama ule mkono, akautazama mlango. Machozi yakamtoka.

"Usiniulize, kaka yangu. Nakuomba."

Kaburi aliketi ukingoni mwa shimo. Dada akavuta kigoda, akamwekea sahani mapajani, akaanza kumlisha kwa kijiko.