Akko aliulizwa kama ana mifugo, akajibu vile sisi hujibu

Salaam aleikum wakuu, na nyinyi wa "habari zenu" pia nimewasalimu.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kucheka peke yangu chini ya blanketi. Leo nimejitoa. Haya yametokea nyumbani kwetu, Isiolo, na sijayapamba. Mkiona mahali nimejisifu, hapo ndipo muwe na wasiwasi.

Kwanza mnijue. Mtaani wananiita Guyo wa Ndani. Nilimaliza Form Four, nikarudi nyumbani, nikaketi, na bado nimeketi. Natengeneza redio na simu hapa mlangoni. Wateja wanaleta wenyewe, kwa hivyo sijaona sababu ya kutoka. Jua la huku mnalijua.

Naishi na nyanya yangu. Sisi Waborana nyanya tunamwita Akko, na mtaa mzima umechukua hilo jina, Wameru, Waturkana, wote.

Akko alikuwa anapokea pesa ya wazee, ile ya serikali. Si ya kutajirisha mtu. Lakini ikiingia, nyumba yetu ilibadilika harufu.

Ijumaa baada ya alasiri alikuwa anaweka sufuria kwenye jiko na kuyeyusha samli. Anachukua buna, kahawa ikiwa bado na maganda yake, anaing'ata ncha moja moja, halafu anaimimina ndani. Inalia tss, halafu inapasuka pa, pa. Moshi unapanda polepole, mtamu, unakaa kwa mabati kama umechoka kusafiri.

Tunatafuna buna, tunajipaka ile samli mikononi na usoni, Akko anaomba dua. Anaombea mvua, watoto, na mifugo.

Hapo kwa mifugo sauti yake ilikuwa inashuka. Na mimi, labda ni usingizi wa mchana, nilikuwa nawaona kabisa. Ng'ombe wakipita katikati ya moshi, wakikwepa stuli, mmoja akinusa redio ya mteja. Nikipepesa macho wameenda.

Wakuu, hatuna ng'ombe. Walikufa wote kwa ukame. Nitafika huko.

Sasa, watu hudhani pesa ya wazee ni ya wazee. Sikilizeni.

Jirani yetu Madam Kanana ni mwalimu wa nasari, mwanamke wa mshahara, viatu vya kisigino. Binti yake Kendi alikuwa anashinda kwa Akko, anakula hapo, analala hapo, mpaka mama atoke kazini. Halafu kuna Mama Ekai, anayetoa makaa huko upande wa Gotu. Akko ndiye mteja wake wa uhakika. Buna haipikwi kwa stovu ya mafuta, Akko alishakataa hiyo hoja.

Na kuna mimi, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye sitasema nilikuwa nakula kwa nani.

Siku moja Akko alienda kwa ajenti wa benki kama kawaida, akaweka kidole. Ajenti akatikisa kichwa. Akajaribu kidole kingine. Akko akarudi amekunja leso yake vizuri, akaketi, akasema tu, "Wamenisahau."

Hawakumsahau. Ilibidi nivae viatu niende kwa chifu, na Mama Ekai akaniona njiani akapiga kelele, "Uuuwi! Nani amekufa? Guyo ametoka!"

Kwa chifu karani akaniambia wengi wamepunguzwa. Kulikuwa na usajili upya, na nyumba zilizoonekana zina uwezo zimeondolewa. Nikadhani ni mimi nimeonekana ndio uwezo wenyewe. Nikanyoosha shati.

"Si wewe," akasema. "Ni mifugo. Nyanya yako alisema ana mifugo."

Niliumia kidogo.

Ni Mama Ekai aliyenieleza ilivyokuwa, kwa sababu siku wale wa usajili walipita nyumbani na tablet zao yeye alikuwa hapo akimwaga makaa. Mimi nilikuwa kwa kinyozi. Mwezi mzima niko ndani, natoka mara moja, serikali inakuja.

Kijana wa tablet alimuuliza Akko, "Uko na mifugo?"

Akko akajibu, "Wako salama."

Kwa wale hamjaishi na Waborana: mtu akikuuliza habari ya mifugo, jibu ni amani. Hata kama fisi amemaliza zizi jana. Hujibu "sina". Neno hilo halitoki mdomoni mwa mtu aliyewahi kufuga, kwa sababu kulisema ni kufunga zizi kwa mkono wako mwenyewe. Akko hakumdanganya yule kijana. Alimjibu kwa heshima, kijana akaandika, akaaga.

Nikamwambia Akko jambo ni rahisi. Kutakuwa na baraza la malalamiko. Utasimama, useme "Sina mifugo," basi.

Aliniangalia kama nimemtukana.

"Guyo, nimekulea vibaya?"

Tukaishia hapo.

Ijumaa ya kwanza buna ilikuwa chache. Iliyofuata alipasha samli tupu, tukajipaka, tukaomba. Iliyofuata hakuwasha jiko. Aliketi tu mahali pake, mkono ukizunguka polepole hewani kama anakoroga kitu.

Mama Ekai alianza kupita mlangoni na gunia lake bila kusimama, si kwa ubaya, ni aibu ya kutuonyesha makaa tusiyoweza kununua. Kendi akaanza kwenda kazini na mama yake, kwa sababu Akko hangekubali mtoto ashinde kwake bila kula. Madam akatafuta msichana wa kumkalia mtoto, akashindwa kumlipa, akaanza kuja kwetu jioni na uso umevimba. "Mimi niko na payslip, Guyo," akaniambia, "na naanguka kwa sababu ya chakula cha Akko. Hiyo hesabu nitamweleza nani?"

Nyumba ilikosa ule moshi. Na mimi, mkitaka mcheke chekeni, niliacha kuwaona ng'ombe.

Siku ya baraza Akko alivaa nguo yake ya Idi. Hakuniambia atasema nini. Tulitembea pole pole, vumbi jeupe, na hewa ya mbele ikicheza kwa joto kama maji. Alisimama mara moja, akatazama hayo maji yasiyokuwepo, akaendelea.

Aliyekuwa mezani safari hii ni dada mmoja, sauti ya upole lakini macho kwa tablet. Watu wamejaa nyuma yetu. Akaita jina, Akko akasimama.

"Akko, hapa inaonyesha uko na mifugo. Ni kweli uko nao?"

Mama Ekai, ambaye alikuwa amekuja kutusindikiza, akanifinya mkono.

Niliona mdomo wa Akko ukijaribu. Wallahi ulijaribu. Lile neno lilifika kwa meno likarudi. Alikuwa mdogo kwa ile nguo ya Idi, nikajua akilisema atarudi nyumbani akiwa mtu mwingine, na asipolisema hatutawasha jiko tena. Angejibu "wako salama" na dada angebonyeza, basi.

Mimi huwa siongei mbele ya watu. Nilisikia tu sauti yangu.

"Dada, usimuulize kama wako. Muulize wako wapi."

Dada akainua macho. Akaniangalia, akamwangalia Akko.

"Wako wapi, Akko?"

Akko akavuta pumzi.

"Diimtu, yule mwekundu, amelala karibu na Rapsu. Tulikuwa tumewapeleka huko kutafuta majani. Alilala akiangalia mahindi ya watu kwa mfereji, ng'ambo ya ua. Mabichi. Hakuweza kusimama tena."

"Gurraati, mweusi, amelala njia ya Gotu. Nilimfunika na matawi."

Akaendelea hivyo, jina na mahali, jina na mahali. Wazee nyuma wakaanza kuitikia kila jina, "Nagaa," yaani amani, kama wanaitikia dua. Nami, mchana kweupe, bila moshi wowote, nikawaona wakipita tena, mmoja mmoja, kati ya viti vya plastiki.

"Na ndama wake Gurraati," akasema mwisho, "hakuwa na jina bado. Yeye amelala kwa mlango wangu. Wote wako salama, mama. Hawasikii njaa."

Dada alikuwa ameweka tablet chini kitambo.

Alipotuaga alimshika Akko mikono yote miwili. "Wakae na amani huko walipo," akasema.

Njiani kurudi, Akko hakugusa habari ya pesa hata kidogo. Alisema tu, "Yule msichana amelelewa."

Pesa bado haijarudi, wakuu. Tuliambiwa tungoje, tunangoja. Lakini Ijumaa hiyo Mama Ekai aliingia na makaa bila kubisha, Madam akaja na buna kwenye karatasi na Kendi mgongoni, na mimi nikaenda sokoni kununua samli kwa pesa ya redio. Ndiyo, mimi. Kwa miguu.

Funzo langu ni dogo. Wakija na maswali yao kwenu, keti karibu na mzee wako. Si kumjibia. Ni ili umsaidie kupata swali ambalo anaweza kulijibu bila kuvuliwa nguo.

Sasa niambieni, kwenu kuna neno ambalo mzee hawezi kulitamka hata likimgharimu? Na nyinyi mliopunguzwa, nyumba zenu zinanuka nini siku hizi? Andikeni, nitawajibu wote. Niko hapa ndani, siendi mahali.