Mguu wa Mzee wa Kilima

Saa moja kasorobo asubuhi, dalali wa malori yaliyotumika bado hajafika uwanjani pake. Mlinzi amekwisha kufungua geti, na mwanamume mmoja mwenye mabega mapana anajipenyeza chini ya lori jekundu na kubandika kiganja kwenye injini. Anakiacha pale kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Baridi," anamwambia mkewe. "Hawajaiwasha kutuzuga."

Injini iliyopashwa moto mapema, ananieleza mimi mwandishi niliyewafuata, huficha maradhi. Moshi hupungua, mlio hutulia, na mnunuzi huondoka na furaha ya siku tatu.

Madereva wenzake humwita Mzee wa Kilima. Jina hilo alilipata kwa sababu, katika miaka ishirini na miwili ya kuendesha trela za watu, hakukubali kupitwa mlimani hata mara moja. Sasa ana miaka hamsini na mmoja na mwezi uliopita aliacha kazi ili ajiajiri. Kiinua mgongo chake, pamoja na akiba ya mkewe ambaye ni fundi cherehani, vinatosha kichwa kimoja cha trela, yaani lori la kuvuta. Wakikosea, hakuna cha pili, na itabidi akagonge tena mlango wa bosi aliyemuaga kwa mbwembwe.

Moyo wake umeshaangukia jekundu. Dalali, aliyefika akiwa anatafuna kifungua kinywa, analijua hilo kabla hajaambiwa.

"Mzee, nguvu za farasi mia tano themanini hizo! Mlima unapanda huku unapiga mluzi."

Pembeni limesimama jeupe, lenye injini ndogo, rangi imepauka, kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Mkewe anaugusa ule mshono na kuguna. Kisha anauliza swali moja tu.

"Baba watoto, hilo jekundu linakunywa kiasi gani?"

Mzee wa Kilima analitazama tanki. Hajui. "Mafuta alikuwa anajaza bosi," ananiambia baadaye. "Kazi yangu ilikuwa kukanyaga." Anacheka, ingawa cheko lenyewe halina raha.

Wakaamua kupima kwa njia wanayoiamini madereva: jaza tanki mpaka dizeli ionekane mdomoni, vuta mzigo, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka palepale. Rafiki yake aliwaazima trela iliyopakiwa saruji. Safari ilikuwa kilomita mia moja na ishirini, kwenda na kurudi, na mlima mmoja katikati. Mimi nilikaa nyuma, kwenye kitanda cha dereva.

Siku ya kwanza jekundu lilimeza lita sitini na sita. Siku ya pili jeupe lilimeza sitini na tatu.

"Lita tatu tu!" alishangilia. "Basi nachukua jekundu." Dalali alishatoa kalamu.

"Subiri kwanza," alisema mkewe, ambaye siku zote mbili alikaa kando yake. "Mimi sikuwa natazama barabara. Nilikuwa natazama mguu wako. Tulipokuwa na jeupe, lori la mchanga lilipotaka kutupita pale mlimani, ulikunja uso ukakanyaga mpaka mshale wa kasi ya injini ukaingia kwenye rangi nyekundu. Mimi nikikanyaga cherehani hivyo, uzi unakatika. Hapa hujapima gari, mume wangu. Umepima hasira zako."

Alinuna. Alinuna mpaka chakula cha mchana, na mimi nikajifanya naandika.

Kesho yake aliambiwa avue buti zake za soli nene. Mkewe alimletea raba nyepesi, ili aisikie pedali. Alipanda jeupe, akabadilisha gia mapema, mshale ukabaki kwenye kijani. Mlimani lori la mbao likampita na kumpigia honi ndefu ya kejeli. Niliona vidole vyake vimeubana usukani.

"Pita, ndugu yangu, pita," alisema huku ameuma meno.

Pampu ilisimama kwenye lita arobaini na tisa. Kwa haki, alirudia na jekundu, kwa raba zilezile. Sitini.

"Nategemea kwenda kilomita elfu nane kwa mwezi," alisema, akikokotoa kwenye kiganja. "Hizo ni lita zaidi ya mia saba. Nizichome ili nisipitwe?" Fundi makenika alikagua nozeli zinazopuliza dizeli na turbo inayosukuma hewa kwenye injini ya jeupe, akaitikia kwa kichwa. Dalali naye alikubali kuwauzia jeupe, shingo upande.

Leo wanalipeleka nyumbani, nami niko nyuma, kwenye kitanda kilekile cha dereva. Jumatatu atabeba shehena yake ya kwanza, na anaota kwamba kabla ya kufika miaka sitini atanunua la pili na kumwajiri dereva.

"Nitamwomba kitu kimoja tu," anasema. "Anivulie viatu nione soli."

Tunafika mlimani. Mkewe ameweka mapajani kifuniko kipya cha kiti na anakishona kwa mkono. Nyuma yetu honi inalia, lori linatupita, dereva wake anapunga mkono akimtania kwa jina lake la zamani. Mzee wa Kilima naye anampungia. Mkewe hainui macho. Lori halishtuki; sindano inaingia, inatoka, wala haijamchoma kidole.