Siku Baba Mukwe Alipogeuza Kiti

Wakati muji wetu ulikuwa bado unaitwa Albertville, nilikuwa na deni la vikwembe kumi, vitenge vya kuvaa, ambalo bwana yangu hakulijua. Majina ya wote waliohusika ninayo mpaka leo, hata la yule mama aliyevaa kikwembe cha ndege wa kijani akahama nacho kwenda Kabimba. Siyataji. Wajukuu zao tunasali nao kanisa moja.

Deni lenyewe lilianza vizuri. Baada ya Uhuru mushahara wa reli ulikuwa unakuja siku inayopenda yenyewe. Bwana yangu alikuwa fundi ku ateliye, karakana ya reli, mutu muzuri, lakini kwake kukopa na kuiba walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nikasema, basi nitafanya biashara. Kulikuwa na mzee wa Ujiji aliyevuka ziwa na mizigo ya vikwembe. Alikuwa anawaachia akina mama wauze, kisha anapita kuchukua chake. Mimi aliniachia kumi.

Viwili vilikuwa vimeingia maji ndani ya mashua, rangi imekimbiana, hakuna aliyevitaka. Vinane nikaviuza kwa juma mbili tu! Niliimba njia nzima. Kumbe nilikuwa nimeviuza kwa maneno: "Mama, ngoja mushahara." Mimi, muke wa mutu wa reli, niliyejua mushahara huo ulivyo, nikangoja.

Miezi ikapita. Mzee wa Ujiji alikuwa mupole, lakini siku moja alinikuta sokoni kwenye meza yangu ya ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, akakaa juu ya kikapu bila kukaribishwa.

"Binti yangu, kila nikija unanipa salamu. Salamu nimeshiba."

"Univumilie, Papa."

"Nimevumilia mpaka mke wangu kule ng'ambo anafikiri nimeoa huku. Jumamosi nitakuja nyumbani kwako, nizungumze na mumeo."

Nilijua bwana yangu hatanipiga. Angefanya jambo baya zaidi. Angeuza baiskeli yake, angelipa deni lote kimya, na mimi nisingekanyaga soko tena maisha yangu. Na soko nililipenda! Ndakala zangu, kelele zile, pesa kidogo niliyofunga mwenyewe kwenye pindo la nguo.

Mama aliyeuza sombe, majani ya muhogo, kando yangu alikuwa amesikia yote. Akaendelea kutwanga, hakuniangalia.

"Wende ku tribinali."

"Nikajishitaki mimi mwenyewe?"

"Njo vile. Mutu mwenye kujishitaki anapewa muda. Wazee wanaandika karatasi, na yule mwenye mali anakatazwa kuingia ku lupango yako, ku nyumba yako. Dada yangu alifanya. Bwana yake hajui mpaka leo."

Ugumu ulikuwa kutoka nyumbani. Mama ya bwana yangu alikuwa anakaa nasi, ameshuka kutoka milima ya Marungu na vikapu viwili na maswali mengi. Nikasema ninapeleka mutoto wetu muchanga kupimwa kilo ku hospitali. Siku ya kwanza, kuandikisha maneno yangu. Siku ya pili, kupeleka karatasi ya mwito kwa mzee wa Ujiji. Siku ya tatu, kusikilizwa. Siku hiyo ya tatu mama mukwe alisimama mulangoni.

"Mutoto anapimwa tena?"

"Ndiyo, Mama."

"Mara tatu kwa juma moja? Mutoto huyu ni ndakala?"

Tribinali ilikuwa nyumba ya matofali yenye baraza pana na mabenchi yaliyojaa watu waliokuja kusikiliza mambo ya wengine, kwa sababu hayakulipiwa. Ndani kulikuwa na wazee watatu na karani. Wawili niliwajua kwa sura. Wa katikati alikuwa mugeni, mwenye kiko cha tumbaku mudomoni. Mwenzao mumoja alikuwa ameanguka na homa, wakamuleta huyu juma lile lile kushika nafasi yake.

Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga. Nitaje baba yangu, ukoo wa baba yangu, basi. Mutu wa upande wa bwana yangu asitajwe. Lakini shangazi yangu alinifunda mwezi muzima kabla ya harusi: ukiulizwa wewe ni wa nani, usitaje tena kwenu, umekwisha kuolewa, taja watu wa bwana yako, kuanzia baba yake mpaka kilima walichotoka. Alinirudilisha maneno hayo huku ninatwanga, huku ninachota maji, mpaka yakakaa mudomoni kama meno.

Karani akachovya kalamu. "Mama, wewe ni wa nani?"

Mudomo ukafunguka wenyewe. Nikataja baba ya bwana yangu, nikataja ukoo, nikataja kijiji, nikaongeza na ng'ombe wao wa nyuma ya Pepa, kule milimani, ambao hakuna aliyewauliza.

Muzee wa katikati akatoa kiko mudomoni.

"Karani, mwambie anyamaze."

Akasimama. Akashika kiti chake, akakigeuza, akakaa uso ukutani, sisi tukabaki na mugongo wake.

Alikuwa mudogo wake baba ya bwana yangu, kwa hiyo naye ni baba mukwe wangu. Harusi yangu ilimukuta huko milimani, hakushuka, kwa hiyo sikuwahi kuona hata kofia yake. Na kwa watu wa bwana yangu, baba mukwe na muke wa mutoto wake hawaangaliani wala hawasemeshani mpaka zawadi ya kuondoa haya ipite kati yao. Nikavuta kikwembe nikafunika uso. Mabenchi yote yakacheka. Mimi sikucheka. Katika muji muzima, nilikuwa nimepeleka siri yangu kwa ndugu wa damu wa watu niliokuwa nawaficha.

"Subhana Allah," akasema mzee wa Ujiji. "Nimeitwa kwa deni au kwa harusi?"

Muzee wa kushoto akamwambia mwenzake, "Toka basi, wende kunywa maji, sisi tumalize."

"Nikitoka mutabaki wawili," mugongo ukajibu. "Wawili hawakati neno. Endeleeni. Karani, muulize muke wa watu vikwembe viko wapi."

Karani alikuwa kati yetu, hatua mbili huku na hatua mbili kule. "Mama, wanauliza vikwembe viko wapi."

"Umwambie Papa, viko mwilini mwa bamama wa muji huu."

"Papa, anasema viko mwi..."

"Nimesikia. Muulize kwa nini hakuja na bwana yake."

Nikatafuta uongo, nikakosa.

"Umwambie Papa, bwana yangu ni mutu muzuri sana. Njo sababu."

Ule mugongo ukaanza kutikisika. Nikafikiri ni hasira, nikajua nimekwisha. Baadaye mzee wa Ujiji, aliyekuwa amekaa upande wa kumuona, aliniambia alikuwa anauma kiko asicheke.

Wakakata neno. Vikwembe viwili vilivyoharibika ndani ya maji vilifutwa, maana mwenye mali alipaswa kufungua muzigo na kuangalia kabla ya kuugawa. Vinane, nilipe kidogo kidogo mpaka mwisho wa kiangazi, mukononi mwa karani, hapo hapo bironi kwake. Mzee wa Ujiji asikanyage kwangu. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, mimi nikatia kidole. Nilipokuwa ninatoka, mugongo ukasema, si kwangu, kwa ukuta: "Leo sikuona mutu."

Nikarudi nyumbani karibu nicheze. Nilisahau kwamba muzee anaweza kufunga mudomo wake, lakini desturi hawezi kuifunga.

Jumamosi, saa ile niliyokuwa nimemuogopa mzee wa Ujiji, akaingia muke wa karani na kuku mukubwa wa madoa, amefungwa miguu kwa kamba ya muti.

"Huyu ametoka kwa baba yenu mudogo, ni wa muke wa mutoto wake. Wa kuondoa haya."

Bwana yangu akaruka juu. "Papa ameshuka? Mulikutana wapi?"

"Njiani. Nilikuwa ninatoka kupima mutoto."

"Na amekukubali! Kuku muzima!" Akachukua baiskeli, akatoka mbio kumutafuta baba yake mudogo aje kula.

Mama mukwe alibaki na yule kuku mukononi, anamupandisha na kumushusha kama muuza nyama.

"Mama wa mutoto."

"Ndiyo, Mama."

"Kwetu, baba mukwe akikukuta njiani, anatuma ushanga mumoja. Kuku ni wa maneno. Na huyu, vile alivyo munene, ni wa maneno mengi. Mulisema nini?"

Nikamuambia yote: vikwembe, mushahara, tribinali, kiti. Alikuwa ananyonyoa tu, manyoya yanaruka. Nikangoja amuambie bwana yangu akirudi. Alipofika kwenye mabawa akasema:

"Majina."

"Majina gani, Mama?"

"Ya hao waliovaa. Unitajie."

Nikamutajia wote wanane, lupango kwa lupango.

Baba mukwe akaja, tukasalimiana uso kwa uso kama desturi inavyoruhusu kuku akishafika. Akanawa mikono, akakata bukari, ugali wetu wa muhogo.

"Na mutoto, anaendelea? Nimesikia siku ile ulitoka kumupima."

"Anaendelea, Papa. Anaongeza kilo."

Bukari ikamupalia, bwana yangu akampiga mugongoni. Hakujua siku ile, na hakujua baadaye.

Jumatatu mama mukwe alitoka na mukeka kwapani. Alikuwa anafika kwa mwenye kudaiwa, anatandika mulangoni pale pale, ananyoosha miguu. "Nimekuja kukusalimia, mama. Nitakaa mpaka mushahara utoke." Bwana wa nyumba akitokea, anaanza kusifu kikwembe cha muke wake kwa sauti: kizuri hiki, baba, ulikinunua wapi? Wengi walilipa kabla hajamaliza kunywa maji. Mumoja alimulipa kwa bata, tukauza bata. Kiangazi hakikufika nusu, saba walikuwa wamelipa. Wa Kabimba alibaki, na kama mama mukwe angepata lori angemufuata na mukeka wake. Hicho nilikilipa kwa ndakala.

Siku ya malipo ya mwisho tulikwenda wote wawili, mimi na mama mukwe. Karani akahesabu, akapasua karatasi yangu mbele ya macho yangu. Mzee wa Ujiji alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka bandarini, muzigo mupya uko wazi barazani. Mama mukwe akainama. Akashika kikwembe, akakivuta, akanusa kama kimeingia maji.

"Bei gani?"

Mzee akataja.

"Ninachukua viwili. Pesa yako, mwezi ujao."

Mzee wa Ujiji akaniangalia mimi. Mimi nikamuangalia karani. Karani akaanza kusafisha kalamu iliyokuwa safi.

"Mama," nikamunong'oneza, "na Papa wa mutoto?"

"Papa wa mutoto nilimuzaa mimi. Ninajua mambo anayoweza kubeba na asiyoweza."

Akakunja kimoja akaweka ndani ya kikapu, chini ya sombe. Cha pili akanitupia begani.