Gereji Iliyotulea

Watu wa Eldoret tunajua kujenga kinyumenyume. Mtu akipata ploti haanzi na nyumba. Anaanza na kile kinachopaswa kukaa nyuma ya nyumba, anahamia humo na familia yake, halafu nyumba yenyewe inapanda polepole mbele ya macho yao kadiri Mungu anavyojalia. Wengi huanza na kijumba cha vyumba viwili. Mume wangu alianza na gereji.

Tena haikuwa gereji ya gari dogo. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini, kijana aliyetoka kwao magharibi na sanduku la mbao na kichwa kilichojaa mipango, na mpango mkubwa kuliko yote ulikuwa kununua lori. Angebeba mahindi ya wakulima wa Sugoi na kwingineko wakati wa mavuno. Kwa hivyo akajenga gereji ya kutosha lori pamoja na trela lake, milango miwili mipana ya bati upande wa mbele, na paa la juu sana hivi kwamba nilipoingia mara ya kwanza nikainua macho, niliona baridi imekaa huko juu inatusubiri. Lori halikuja. Tulikuja sisi.

Ploti yetu iko upande wa Chepkoilel, na wakati huo majirani zetu walikuwa mahindi tu, kulia na kushoto. Tuliigawa gereji kwa kabati, mapazia na ukaidi. Ukiingia kwa mlango mdogo wa ubavuni, mkono wa kulia palikuwa jikoni: sufuria zikining'inia ukutani kwa misumari, kubwa mpaka ndogo, na jiko la makaa chini ya dirisha la pekee. Nyuma ya kabati kilikuwa kitanda chetu. Upande wa pili, nyuma ya pazia la maua, walilala watoto. Magunia ya mahindi tuliyapanga kwenye ukuta wa nyuma, juu ya vipande vya mbao ili yasishike unyevu. Kando ya kitanda palikuwa na msumari mmoja mrefu wa kutundikia taa ya mafuta, maana stima ilikuwa bado iko kwa wenye bahati.

Mvua ya mawe ikianguka juu ya yale mabati hatukuweza kusikiana. Tulikuwa tunaongea kwa mikono, na watoto wakageuza hilo kuwa mchezo, wakawa wanaombea mvua ya mawe wakati mimi naombea mboga zangu. Asubuhi za Julai niliwaogesha karibu na jiko, mmoja mmoja, wengine wakingoja zamu chini ya blanketi moja kama vifaranga. Niliichukia gereji hiyo miaka yote niliyokaa ndani yake, na nilisema hivyo kwa sauti. Sasa ndiyo ninayoiota usingizini. Nyumba kubwa tumeishi ndani yake muda mrefu zaidi, lakini sijawahi kuiota hata siku moja.

Tulipohamia mbele, gereji ikawa stoo. Ilimeza baiskeli zilizovunjika, madramu, vitanda vya watoto, na kwa muda hata kuku. Mzee alipostaafu akaanza useremala wa nyumbani kwenye veranda. Alitengeneza stuli, vibanda vya kuku, meza za majirani, na vipini vya majembe. Veranda yangu ikajaa maranda, na kila aliyetembelea nyumba yangu aliondoka nayo kwenye soksi. Nililalamika, ndiyo. Nimelalamika sana katika ndoa hii, na Mzee amekuwa akinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio huku anafanya kazi yake.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka. Alipoweka gundi ndani ya friji, tulicheka. Alipouliza kwa nini ndugu yake hajaja kututembelea, ndugu ambaye tulikuwa tumemzika kwao muda mrefu uliopita, hakuna aliyecheka. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huo hauna kurudi nyuma, ila tumtafutie kazi ambayo mikono yake inaijua, kwa sababu mikono hukumbuka kwa muda zaidi kuliko kichwa. Lakini kazi ya veranda alikuwa ameshaiacha. Alikuwa akiketi hapo tangu asubuhi na mikono yake katikati ya magoti, kana kwamba ni vitu alivyowekewa avishike mpaka mwenyewe arudi. Asahau siku, asahau majina, hata langu. Hayo niliona naweza kuyavumilia. Mikono ile kukaa bure sikuweza. Nilitaka Mzee arudi kazini kabla hajasahau kwamba aliwahi kuwa fundi.

Kifungua mimba wetu anachora majengo huko Nairobi. Alipokuja likizo ya Desemba nilimweleza shida yangu, naye akasema dawa ni kuifanya gereji kuwa karakana ya kweli, mahali pa Mzee peke yake. Akaitoa takataka yote ya miaka, akapima kila ukuta, akachora plani kwenye kompyuta yake. Mimi nikatoa chaki, tukaihamishia plani kwenye sakafu. Tuliweka katoni mahali pa mashine na viti vya mezani mahali pa benchi la kazi, tukawa tunapita katikati yake tukijifanya tumebeba mbao ndefu.

Sitaki mtu afikiri plani ilikuwa mbaya. Benchi la kazi lilikaa chini ya dirisha. Mbao zilikuwa karibu na milango mipana ili zisizungushwe. Zana zilikuwa na ubao wake ukutani, kila moja imechorewa umbo lake ili hata mtoto ajue inaporudi.

"Dust yote inaenda huku kwa mlango, Mum," kijana alinieleza. "Na Mzee akisimama hapa, light inaingia kutoka left. Hawezi jikata."

Niliona fahari. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mzee alikuwepo, ameketi palepale kwenye kiti cha plastiki akitutazama, na lake halikuwepo vilevile. Hakuna kati yetu aliyemuuliza kitu. Tulikuwa tunamwandalia zawadi, na zawadi haiulizwi.

Kazi ilipokamilika tulimwingiza kwa sherehe ndogo ya chai na mandazi. Akasimama hatua chache kutoka mlangoni kama mtu aliyefika matangani asijue akae upande gani. Akashika randa, akaigeuza, akairudisha. Akatutazama kwa adabu.

"Ni mahali pazuri," alisema. "Ni pa nani?"

Kijana alirudi Nairobi. Mimi niliendelea kumpeleka Mzee pale kila asubuhi, maana mimi si mtu wa kushindwa na gereji. Aliingia, akasimama, akatoka. Siku nyingine alichukua msumeno akauweka mahali, kisha akazunguka akiutafuta mpaka jasho likamtoka na machozi yakamlengalenga. Zile picha za zana tulizochora ukutani hazikumwambia chochote. Nikaanza kufikiri kwamba tumechelewa, kwamba yule fundi ameshaenda na mimi ninamsukumasukuma mzee mwingine aliyebaki ndani ya koti lake.

Alasiri moja nilimpelekea chai nikamkuta amesimama mahali ambapo hapakuwa na kitu, kati ya benchi na mbao, ameuelekea ukuta mtupu. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa usawa wa bega, unapapasa saruji.

"Taa mmeiweka wapi?" akaniuliza.

Kulikuwa mchana kweupe. Nilifungua mdomo nimwambie kuna stima, aangalie juu aone. Ndipo nikaliona tundu la msumari, chini kidogo ya vidole vyake. Mzee alikuwa amesimama kando ya kitanda chetu. Kitanda hakikuwepo tangu watoto wakiwa wadogo, lakini alikuwa amesimama kando yake, anatafuta taa.

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza sufuria ziko wapi. Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaonyesha ukuta wa kulia wa mlango mdogo. Nikamuuliza mahindi yako wapi. Akaonyesha ukuta wa nyuma, akanitazama kama mwanamke anayeuliza maswali ya ajabu nyumbani kwake mwenyewe. Nikamuuliza watoto wako wapi.

Akaweka kidole mdomoni. Kisha akaelekeza kidevu kule lilikokuwa pazia la maua, taratibu, ili tusiwaamshe.

Nilikaa sakafuni juu ya mistari yetu ya chaki nikalia. Mzee alikuja akanishika bega, akaniambia nisijali, kesho atanunua mafuta ya taa.

Siku hiyohiyo nilimpigia simu kijana nikamwambia plani yake tunaibomoa. Nikamwambia benchi linahamia kule ndani, ukutani. Akanieleza kwa subira kwamba huko hakuna mwanga na mbao ndefu hazitapita, hakuna fundi duniani anayeweza kukubali mpangilio kama huo.

"Hapo ndipo kitanda kilikuwa," nikamwambia.

 Akasema sawa, anakuja na dada zake.

Jumamosi ile walifika wote watatu, na nadhani hakuna harusi iliyowahi kunipa furaha kama hiyo. Walibishana tangu asubuhi. Meza ilikuwa hapa. Hapana, ilikuwa hapo, kwa sababu wewe ulianguka nayo. Kitinda mimba, aliyezaliwa humo ndani, aliapa kwamba pazia lilikuwa la buluu na maua meupe, na kaka yake akamwambia alikuwa mtoto wa kunyonya, anajua nini. Walipima kwa miili yao waliyokuwa nayo zamani. Nilimwona mwanangu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, amechutama kwenye kona akijaribu kuona dirisha lilivyoonekana ukiwa umelala.

Hivyo ndivyo karakana yetu ilivyopangwa. Misumeno, nyundo na randa zilitundikwa ukutani palipokuwa na sufuria, kubwa mpaka ndogo. Misumari na skrubu tulizitia kwenye mikebe, tukaiweka rafu ya chini ilipokaa chumvi na sukari. Mbao zililazwa palipolala mahindi. Benchi la kazi lilikaa mahali pa kitanda, na kuhusu hilo wanangu walikuwa na maneno yao ya kuchekesha ambayo sitayaandika. Ule msumeno wa stima ambao kijana alikuwa ameuleta kwa ajili ya plani yake nilikataa usibaki. Kijana aliondoka nao ndani ya gari. Kwenye lile tundu la zamani tulipigilia msumari mpya mrefu, tukatundika balbu kwa waya, chini kabisa, ambapo mkono wa Mzee ungeifikia. Upande wa watoto tuliuacha wazi, hatukuweka chochote. Mahali pazuri kama pale, penye nafasi ya kuweka mbao zote za msitu, tumepaacha tupu, na mtu akija akauliza sababu, namwambia ni mambo ya nyumba yetu.

Jumapili baada ya kanisa Mzee alipita mlango mdogo, akageuka kulia, akainua mkono bila kutazama, akashusha randa. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akawasha balbu, akainama. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kupiga makofi.

Siku hizi anafanya kazi karibu kila siku. Sitadanganya kwamba amepona. Stuli zake zinacheza, mguu mmoja daima ni mfupi, na tunazikalia hivyohivyo, hata mchungaji amekalia moja akayumba katikati ya sala. Kuna asubuhi ananiita kwa jina la mama yake. Lakini mikono haijakaa tena katikati ya magoti, na maranda yamerudi kwenye soksi za wageni.

Mimi huenda kukaa naye na karai langu la viazi. Juzi mvua ilikuwa inanyesha, ile ndogo isiyo na haraka. Tulikuwa tumeacha mlango mpana wazi, na nyumba yetu kubwa ilikuwa mbele yetu, na rangi yake iliyobabuka, na veranda, na vyungu vyangu vya maua, na dirisha la chumba ambamo tulilala sote wawili usiku uliotangulia. Mzee aliacha kuranda. Akaitazama muda mrefu, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Mama," akasema, "hiyo nyumba itaisha lini?"

Miaka ile swali hilo lilikuwa langu. Nilimuuliza yeye kila mwisho wa mwezi, kwa hasira, mtoto mgongoni, na yeye kila mara alinijibu jibu moja, na mimi kila mara nilijua ananidanganya ili nipate usingizi.

"Karibu," nikamwambia. "Imebaki mabati."

Akapuliza maranda kutoka juu ya ubao. Akapitisha kiganja kuona kama umelainika.

"Usiwaharakishe mafundi," akasema. "Hapa tunatoshana."