Udongo Aliobeba Kristofa

Bibiana alizaliwa milimani Usambara, upande wa Gare, katika nyumba ambayo wanawake wote walikuwa wafinyanzi. Bibi yake alifinyanga, mama yake alifinyanga, na yeye mwenyewe alijua kuvuta ukingo wa chungu kabla hajajua kusonga ugali. Mwaka 1953 aliolewa na Kristofa, kijana wa huko huko aliyekuwa mkata mkonge katika shamba moja kusini ya Pangani. Baada ya harusi wakateremka pwani pamoja.

Kambi ya wafanyakazi haikuwa mbali na Ushongo. Joto lilimchosha, maji ya kisima yalikuwa na munyu, na harufu ya mkonge uliosagwa ilimfuata mpaka kitandani. Hayo aliyazoea. Asichoweza kukizoea ni kukaa mikono mitupu.

"Mikono inaniwasha," alimwambia mumewe. "Nitafutie udongo nisije nikafinyanga uji."

Udongo aliupata mwenyewe, siku alipokwenda kuokota kuni kando ya mikoko. Ulikuwa mweusi, unanata. Aliukata kipande, akakiviringisha kama mnyoo, akakikunja kuzunguka kidole. Hakikupasuka. Alirudi nyumbani karibu anakimbia, ingawa alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wa kwanza.

Kristofa akasema yeye ndiye atakayeubeba. Hapo Bibiana akasita. Kwao mwanamume hagusi udongo wa kufinyangia. Hafiki shimoni unakochimbwa, wala hasogelei moto wa kuchomea. Mama yake, Praxeda, alikuwa akiwafukuza hata kaka zake kwa fimbo: "Piteni mbali, vyungu vyangu vitapasuka!"

"Mama hayupo hapa," Kristofa alisema. "Na wewe, na tumbo hilo, utabeba kapu la udongo?"

Jumapili, waliporudi kutoka kusali, Kristofa alikwenda mikokoni akarudi na makapu mawili yamejaa, matope yanamchuruzika shingoni. Bibiana alicheka mpaka akakaa chini.

Alifanya kazi kwa furaha. Alikanda, akajenga vyungu kwa kupandisha mkate wa udongo juu ya mwenziwe, akalainisha kwa gunzi, akasugua kwa kokoto mpaka vikang'aa. Alivichoma kwa makumbi ya nazi na makuti makavu. Vilitoka vyekundu, vizuri, na majirani wakaja kuvitazama vikiwa vimepangwa mlangoni.

Siku chache baadaye alisikia mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja njugu. Kwenye tumbo la chungu kimoja palikuwa pameota kidoa cheupe. Kidoa kilifura, na gamba la udongo likabanduka likaanguka. Kisha kingine, na kingine. Juma halijaisha, vyungu vyote vilikuwa na uso wa mtu aliyetoka ndui, na ukitia maji yanavuja.

Alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Timotheo. Alipopata nguvu alijaribu tena. Kristofa alibeba udongo tena, na vyungu vikabanduka vilevile.

"Usiguse udongo wangu tena," Bibiana alimwambia.

"Kwa hiyo mimi ndiye mkosi?"

Bibiana aliinama kuokota vigae. Kristofa aliweka kapu ukutani, akatoka nje. Tangu siku ile hakuna aliyetaja ufinyanzi nyumbani mle. Bibiana akawa anapikia sufuria iliyonunuliwa Pangani, na kila mwiko ulipokwaruza bati alikunja uso. Waliishi kwa adabu, wakiulizana habari za mtoto na za kazi, lakini kile kicheko cha Jumapili ya makapu hakikurudi.

Mwaka uliofuata alikwenda bondeni nyuma ya kijiji kununua mchele. Wakulima wa pale walikuwa Wapemba waliohamia zamani, na mwenye nyumba ya mwisho alikuwa mama mtu mzima aitwaye Mwanamwema, mke wa Jaku. Barazani kwake Bibiana aliona kitu kilichomfanya asahau mchele: vyetezo vya kufukizia udi, vidogo, vya miguu mitatu, vimeanikwa kivulini.

"Shikamoo, bibi. Nani kavifanya hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi. Keti."

Bibiana aliketi, na ulimi ukafunguka. Alisimulia yote, tangu udongo mweusi mpaka vidoa vyeupe, na mwisho akamtaja Kristofa na mwiko wa kwao. Mwanamwema alisikiliza huku anaendelea kusuka ukili wake wa mkeka.

"Niletee kigae nikione," alisema.

Kesho yake Bibiana alileta. Mwanamwema alikigeuza juani, akachokoa doa jeupe kwa ukucha.

"Hii nini?"

"Jiwe."

"Si jiwe, kombe. Udongo wa mikokoni umejaa makombe yaliyosagika. Hujaona watu wa huku wanavyochoma chokaa? Kombe likipita motoni hugeuka chokaa, na chokaa ikipata unyevu hufura. Vyungu vyako vimefura kutoka ndani. Mumeo wamwonea."

Bibiana akachokoa doa jingine kwa ukucha wake.

"Usijione peke yako," Mwanamwema aliendelea. "Nami nilipohamia huku nilivunja vingi. Nikamsingizia jirani ana kijicho, hata salamu nikamnyima. Maskini, alikuwa mtu mwema kabisa." Akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, Bibiana alimkuta mumewe uani ananoa kisu cha mkonge.

"Baba Timotheo, nimekukosea. Hukuwa wewe. Yalikuwa makombe."

"Makombe gani?"

Akamweleza. Kristofa alisikiliza mpaka mwisho, akajaribu makali ya kisu kwa kidole.

"Kwa hiyo mimi si mkosi."

"Si mkosi."

"Haya. Kapu liko wapi?"

Lakini mwiko wa mama hautoki moyoni kwa siku moja. Mwanamwema alikuwa amemwonyesha udongo wa rangi ya kahawa, juu kabisa ya bonde, ambako maji ya chumvi hayafiki. Bibiana alikubali Kristofa aubebe, ila asikanyage shimoni. Basi wanawake wakachimba, na Kristofa akasimama njiani amewapa mgongo, kama mtu anayengoja wenzake watoke kuoga. Mara ya pili alisogea hatua chache. Kufika masika alikuwa ndani ya shimo, matope magotini, anawaambia wao wapumzike.

Vyungu vya udongo ule vilichomwa vikatoka salama. Bibiana aliviweka mlangoni akangoja. Juma likapita, mwezi ukapita. Akavitia maji. Havikuvuja hata tone.

Kwa shukrani alimfundisha Mwanamwema kufinyanga mitungi mikubwa ya kwao milimani, ambayo Mpemba yule hakuwahi kuthubutu kuijaribu. Na siku moja, wakiwa kazini, Bibiana aliokota kipande cha ukili, akakibana kwenye shingo ya mtungi mbichi na kukizungusha. Alipokiondoa, msuko wote ulikuwa umebaki kwenye udongo, safi, mstari kwa mstari. Waliutazama wote wawili.

"Mtungi umevaa mkeka!" Mwanamwema alisema.

Nakshi ile ndiyo iliyowajulisha. Wanawake wa Ushongo walisema mchuzi wa samaki katika chungu cha ukili una ladha yake, na wengine wakatoka Mkwaja kuja kuagiza. Msikiti ukataka mitungi miwili ya maji ya kutawadha, na Bibiana, Mkatoliki wa Gare, akaifinyanga kwa uangalifu kuliko yote.

Mwaka 1957 Praxeda aliamua kuja kumwona mjukuu wake. Alipanda basi mpaka Muheza, akapata lori la kwenda Pangani, akafika kambini bila mtu kujua. Kitu cha kwanza alichokiona ni mkwewe, suruali imekunjwa, anakanyaga udongo uani huku Timotheo yuko mabegani anaimba.

Kristofa aliganda. "Shikamoo, mama."

Praxeda hakuitikia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mitungi iliyopangwa ukutani, akagonga mmoja kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama kengele. Akagonga wa pili, wa tatu, akaingiza mkono ndani kupima unene, akapapasa ile nakshi ya shingoni. Bibiana alikuwa amesimama mlangoni.

"Udongo huu kaukanyaga nani?" Praxeda aliuliza.

"Kristofa, mama."

"Na huu?"

"Yote kakanyaga yeye."

Mama aligeuka akamtazama mkwewe tangu kichwani mpaka kwenye matope.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Kisigino kinakanyaga, kidole kinabaki. Kanyaga na kidole, udongo utalainika zaidi." Kisha akamwambia binti yake, "Lakini nyumbani usimweleze mtu."

Alikaa nao mpaka mavuno ya mpunga. Kila asubuhi alishuka bondeni kwa Mwanamwema, na wale mama wawili walibishana kuhusu gunzi na kokoto, kila mmoja akishika lake, huku mikono yao inafanya kazi na wali unaiva jikoni. Siku ya kuondoka Mwanamwema alimfungia chetezo ndani ya majani ya mgomba, na Praxeda akapanda lori amekipakata.