Wakili wa Kumshtaki Mwenyekiti

Nilimtafuta wakili kwa hasira, si kwa hekima, na sijuti. Mwenyekiti wa kijiji chetu alikuwa amemfungia baba kwenye stoo ya mbolea siku mbili, kisa baba aliuliza mkutanoni kwa nini shamba la mjane limepewa shemeji yake mwenyekiti.

"Nyie wakimbizi ndio mtatupangia?" ndilo jibu alilopata.

Baba alitoka Burundi akiwa mgongoni mwa bibi. Alipewa uraia zamani, anapiga kura, na kura yake alimpa huyo huyo mwenyekiti.

Nilishuka Mpanda mjini nikiwa na kisasi tu. Nilitaka nimwone kizimbani jasho likimtiririka, akione cha mtema kuni. Wakili wa kwanza alisema kesi za viongozi zinamharibia kazi. Wa pili alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja kijiji, akakumbuka ana safari. Wa tatu, mama mmoja wa mtaa wa Misunkumilo anayetetea haki za watu, alinikaribisha sebuleni kwake na hakunikatisha hata mara moja.

"Mwenyekiti hana mamlaka ya kumfungia mtu stoo, dada," alisema. "Ila aliyeonewa ni baba yako. Mlete aseme mwenyewe."

Nilirudi nyumbani moyo ukicheza ngoma. Uani nikamkuta baba na mwenyekiti na wazee wawili, wameinamia mtungi mmoja wa pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake. Kwetu Warundi, ukishanywa hivyo na mtu uliyegombana naye, yameisha. Humshtaki tena. Mwenyekiti si wa kwetu, lakini hilo alilijua vizuri, ndiyo maana mtungi aliuleta yeye.

"Karibu, binti yangu," aliniambia akitabasamu. "Za mjini?"

Nilitamani niupige teke ule mtungi umwagikie mapajani mwake.

Wageni walipoondoka nilimpandia baba juu. Nilimwambia amejiuza kwa pombe.

"Nimeshakunywa naye," alisema. "Unataka niwe mtu wa ndimi mbili?"

Mama alikuwa kando anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Siku nilipompelekea baba yako uji pale stoo, yule mtu alinipiga kofi mbele ya mgambo," alisema. "Nikanyamaza, nikaogopa mtafanya fujo."

Niligeuka nikamtazama mama. Baba naye aligeuka kumtazama, na nikajua hata yeye alikuwa hajui.

"Kwenye mtungi wenu wanawake hatuitwi," mama aliendelea. "Kwa hiyo mimi sijanywa na mtu. Huyo wakili wako anasikiliza na wamama?"

"Anasikiliza, mama."

"Basi kesho tunaenda."

Nilifurahi vibaya sana, furaha ya mtu aliyeona adui kasahau kufunga mlango wa nyuma. Baba aliinuka. Akaingia ndani, akatoka na viatu vya mama vya kanisani, akaanza kuvifuta vumbi.